Ndimu na Maneno Yasemwayo Juu Yake

Mtoto akionekana amekaa chini ya mti akifyonza ndimu kwa chumvi, hakawii kusikia sauti ya mkubwa ikimkemea: "Tupa hiyo! Ndimu hukausha damu." Msichana aliyebaleghe na mwanamke mwenye mimba hukatazwa zaidi, kwa kuwa hao ndio wanaohitaji damu kuliko watu wote. Lakini katika nyumba hiyo hiyo mtoto akishikwa na mafua, mama huikamua ndimu katika maji ya moto, akatia asali, akasema, "Kunywa, mwanangu, mafua yatakwisha." Basi tunda ni moja, na maneno ni mawili. Moja lasema ndimu ni adui, na moja lasema ni dawa. Na yote mawili yamesemwa na watu wazima wenye akili, wenye kuwapenda watoto wao.

Liko na neno la tatu, lililosemwa zamani na mabaharia, ya kwamba ndimu na jamaa zake, yaani malimau na machungwa, humwokoa mtu na mauti baharini. Neno hili lilibishaniwa kwa muda wa miaka 300 na zaidi, na wakati wa kubishana huko watu maelfu kwa maelfu walikufa. Yafaa habari zake zijulikane kwanza, maana ndimo watu walimojifunza njia ya kuyapima maneno ya namna hii, hata yale mawili ya nyumbani.

Ugonjwa uliowaua mabaharia huitwa kiseyeye. Humpata mtu aliyekaa majuma mengi bila kula matunda, wala mboga, wala kitu kibichi. Kwanza huona uchovu, na viungo humuuma. Kisha madoadoa ya damu hutokea katika ngozi ya miguu. Ufizi huvimba, hulegea, hutoka damu na kunuka, hata meno hucheza katika mashimo yake. Jeraha jipya halifungi. Na jambo la kutisha zaidi, jeraha la zamani hufunguka tena. Katika safari ya George Anson, mkuu wa manowari za Waingereza aliyeizunguka dunia kati ya mwaka 1740 na 1744, alikuwamo mzee mmoja aliyejeruhiwa vitani miaka 50 na zaidi kabla ya hapo. Kiseyeye kilipomshika, makovu yale ya ujana wake yakapasuka, na mfupa uliokuwa umevunjika zamani ukaunga, ukaachana tena kana kwamba haujapata kuunga. Watu zaidi ya 1,000 walikufa kwa maradhi katika safari ile. Waliouawa na adui walikuwa wachache mno.

Wenyeji wa Pwani ya Afrika Mashariki waliwaona wagonjwa wa kiseyeye mapema sana. Mwezi wa Januari 1498 merikebu za Vasco da Gama, zilizotoka Ureno mwezi wa Julai mwaka uliotangulia, ziliingia katika mto wa Quelimane, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji. Huko wengi katika watu wake wakavimba mikono na miguu, na ufizi ukakua juu ya meno hata wasiweze kula. Wakaendelea na safari kwenda kaskazini, hata tarehe 7 Aprili wakatia nanga nje ya Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa, na malimau, na miwa kwa wingi. Urafiki haukudumu, na Wareno wakaondoka baada ya siku chache. Lakini mmoja wao, aliyeandika habari za safari siku kwa siku, alitaja jambo moja la furaha. Alisema ya kuwa wagonjwa wao wote walipata afya Mombasa, kwa neema ya Mungu, kwa sababu hewa ya mji ule ni nzuri sana.

Hewa! Machungwa alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe, katika kitabu kile kile, lakini hakuyaunganisha na uzima wa wenzake.

Kutoka Malindi kwenda Bara Hindi waliongozwa na rubani aliyeijua njia, na upepo mwema ukawavusha katika siku 23. Wakati wa kurudi hawakungoja kaskazi kama wafanyavyo wenye majahazi. Waling'oa nanga mwanzo wa Oktoba, wakakutana na shwari na pepo za mbisho, na njia ile ile ikawachukua karibu miezi mitatu. Watu 30 wakafa, na katika kila merikebu wakabaki watu saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 mtu alitumwa pwani kutafuta machungwa, kwa kuwa wagonjwa walikuwa wakiyatamani mno. Machungwa yakaletwa, na matunda mengine pia. Lakini safari hii wengi walikuwa wamekwisha zidiwa, wakafa hapo hapo Malindi. Na mwandishi akasema tena kwamba sababu ni hewa, maana hewa ya Malindi haikuwafaa. Kule Mombasa hewa ilisifiwa na huku Malindi hewa ikalaumiwa, na kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa siku moja au mbili kwa tanga! Mgonjwa aliyekuwa akiyalilia machungwa alijua zaidi kuliko mwenye kalamu.

Baada ya miaka 100 nahodha mmoja Mwingereza, James Lancaster, alilikaribia jambo hili zaidi. Huyu alikuwa amepata kufika Unguja mwaka wa 1591. Mwaka wa 1601 aliongoza merikebu nne kwenda Mashariki, na katika merikebu yake mwenyewe alichukua chupa za maji ya malimau, akawapa watu wake vijiko vitatu kila siku asubuhi. Merikebu tatu nyingine hazikupata. Walipofika kusini mwa Afrika, watu wa zile tatu walikuwa hoi kwa kiseyeye, hata watu wa Lancaster wakawa hawana budi kwenda kuwasaidia kazi. Mtu angedhani kwamba tangu siku ile kila merikebu ingechukua malimau. Haikuwa hivyo. Mwenye kubisha aliweza kusema, labda merikebu ya mkuu ilikuwa na chakula bora. Labda mabaharia wake waliteuliwa wenye afya. Labda palikuwa pakavu na safi zaidi. Naye hakuweza kujibiwa, kwa kuwa merikebu zile hazikutofautiana kwa malimau peke yake.

Mkulima yeyote aweza kuifahamu shida hiyo. Tuseme mtu ametia samadi katika tuta moja la maharage, na tuta la pili hakulitia kitu. Maharage ya tuta la kwanza yakistawi, huyo atasema samadi ndiyo iliyoyastawisha. Lakini kama tuta la kwanza lilikuwa juani na la pili kivulini, au la kwanza lilinyeshewa na la pili likasahauliwa, hakuna ajuaye kweli. Ili samadi ijulikane kazi yake, matuta mawili yapasa kuwa sawa katika udongo, jua, maji na mbegu, yakatofautiana kwa samadi tu.

Aliyefanya hivyo katika habari ya kiseyeye alikuwa tabibu wa manowari iitwayo Salisbury, Mskoti jina lake James Lind. Tarehe 20 Mei 1747, merikebu ikiwa baharini, alichagua wagonjwa 12 ambao ugonjwa wao ulilingana kadiri alivyoweza kuona. Wote aliwalaza mahali pamoja, na wote wakala chakula kimoja: uji wenye sukari asubuhi, supu ya kondoo, biskuti, mchele na vitu kama hivyo. Kisha akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao, nazo zote zilikuwa dawa zilizosifiwa na watu wa wakati ule. Wawili walipewa kinywaji cha matofaa, robo galoni kwa siku. Wawili walipewa matone 25 ya maji ya asidi kali, mara tatu kwa siku. Wawili wakapewa siki, vijiko viwili mara tatu. Wawili, maskini, ambao hali yao ilikuwa mbaya kuliko wengine, wakanyweshwa maji ya bahari, nusu painti kila siku. Wawili walipewa dawa ya kitunguu saumu, haradali, manemane na vitu vingine, imefinyangwa ukubwa wa kungumanga, na maji ya shayiri yaliyotiwa ukwaju. Wawili waliobaki walipewa kila siku machungwa mawili na limau moja, nao wakayala kwa pupa.

Machungwa na malimau yalikwisha baada ya siku sita, maana merikebuni hayakuwapo mengi. Lakini siku sita zilitosha. Mmoja wa wale wawili aliweza kurudi kazini, na wa pili alikuwa amepata nafuu kiasi cha kuwekwa awe mwuguzi wa wenziwe 10. Walionywa kinywaji cha matofaa walipata nafuu kidogo. Waliobaki hawakuonyesha faida yoyote ya maana.

Liangaliwe jambo moja ambalo ni rahisi kupitwa. Matabibu wengi wa siku zile walifikiri kwamba ukali, yaani uchachu, ndio unaoponya kiseyeye, ndiyo sababu wakawapa watu siki na asidi. Katika jaribio la Lind siki ilikuwa chachu, asidi ilikuwa chachu kupita siki, ukwaju ni mchachu pia, na havikuponya. Basi palikuwa na kitu kingine katika malimau, kisichokuwa uchachu. Lind alikuwa amekifungua kile kisanduku, lakini hakuchungulia ndani. Kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1753 kina kurasa zaidi ya 400, na jaribio hili limetajwa katika kurasa chache tu. Mahali pengine alieleza kwamba kiseyeye huletwa na unyevu na kuzuiwa kwa jasho. Tena, kwa kuwa matunda huoza baharini, alishauri maji yake yapashwe moto saa nyingi hata yawe mazito kama asali, yapate kuwekwa. Shauri hili lilikuwa jema kwa kuyaona, bali lilikuwa na kosa kubwa: moto huo huo ulikiua kile kitu chenye kuponya. Na dawa yake hii nzito hakuiweka katika jaribio kama lile la Salisbury. Waliopewa hawakupona vema, na wenye kubisha wakapata nguvu.

Ilipita miaka zaidi ya 40 tangu siku zile za Salisbury mpaka serikali ya Uingereza, mwaka wa 1795, ilipoamuru manowari zipewe maji ya malimau yasiyopikwa. Lind alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kiseyeye kikatoweka manowarini karibu chote, na watu wakadhani jambo limekwisha.

Halikuwa limekwisha, na sababu yake yaweza kumchekesha mtoto wa Pwani, ambaye hawezi kukosea ndimu akaidhani limau. Wazungu wa kaskazini, ambao nchi zao hazioti hata moja ya hizo, walizichanganya kwa jina na kwa matumizi. Malimau yalinunuliwa katika nchi za Bahari ya Kati. Katika miaka ya 1860 manowari zikaanza kupewa maji ya ndimu badala yake, kwa kuwa ndimu zilipandwa katika visiwa vya Amerika vilivyotawaliwa na Waingereza wenyewe. Ni chachu kupita limau. Basi, walifikiri, ina nguvu zaidi. Lile kosa la uchachu likarudi kwa mlango wa nyuma. Kwa miaka kadhaa halikuonekana, kwa sababu meli za moshi zilikuwa zimefupisha safari, na mabaharia walifika bandarini kula mboga kabla kiseyeye hakijawafikia. Lakini mwaka wa 1875 msafara wa George Nares ulikwenda katika bahari ya barafu ya kaskazini, ukiwa na akiba ya maji ya ndimu, na mwaka wa pili ukarudi, watu wengi wakiwa wameshikwa na kiseyeye. Ndipo wataalamu wakaanza kusema kwamba habari za malimau zilikuwa hadithi za mabaharia tu, na kwamba kiseyeye ni sumu ya nyama iliyoharibika katika makopo. Yaani jambo lililokuwa limejulikana likasahauliwa, si na wajinga, bali na wenye elimu.

Aliyelirudisha alikuwa mnyama mdogo, asiye na mkia, afananaye na panya mnene: simbilisi. Mwaka wa 1907 wataalamu wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa mwingine wa mabaharia. Wakawalisha simbilisi nafaka na mkate tu. Kumbe, wanyama wale wakapata kiseyeye, na walipopewa kabeji mbichi au maji ya malimau wakapona. Ilikuwa bahati. Panya, mbwa, mbuzi, ng'ombe na kuku hujitengenezea wenyewe mwilini kile kitu chenye kuzuia kiseyeye, hata wakilishwa nafaka kavu. Binadamu hawezi, wala nyani na kima, wala simbilisi. Kama wangalichagua panya, wasingaliona kitu.

Tangu hapo chakula chochote kiliweza kupimwa kwa simbilisi. Mwaka wa 1918 mabibi wataalamu wa Lister Institute, mjini London, wakiongozwa na Harriette Chick, walionyesha kwamba nguvu za maji ya ndimu zilikuwa karibu robo tu ya nguvu za maji ya malimau. Kosa la miaka ya 1860 likafahamika hapo. Kitu chenyewe kilitolewa peke yake mwaka wa 1928 na Albert Szent-Györgyi, mtu wa Hungaria. Mwaka wa 1932 kikatambulika kuwa ndicho kizuiacho kiseyeye, na baadaye akakipata kwa wingi katika pilipili kubwa nyekundu za nchi yake. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937. Kitu hicho huitwa vitamini C.

Kazi yake kubwa moja ni hii. Ngozi, ufizi, mishipa ya damu na mifupa hushikwa pamoja kwa nyuzi nyembamba sana ziitwazo kolajeni, kama vile makuti ya paa yashikwavyo na kamba. Nyuzi hizo huchakaa na kufanywa upya siku zote, na bila vitamini C haziwi imara. Ndiyo sababu ufizi hutoka damu, na kovu la miaka 50 hupasuka; maana hata kovu la zamani hushonwa upya kila siku, ijapokuwa mwenyewe hana habari.

Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo ajabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Sheffield, watu 20 walijitolea kujaribiwa. Walionyimwa vitamini C kabisa walipata dalili za kiseyeye baada ya miezi kadhaa, na miligramu 10 kwa siku zikatosha kuwaponya. Nazo hizo ni sehemu moja ya mia ya gramu moja. Kwa kuweka akiba, mtu mzima hushauriwa apate miligramu 45. Chungwa moja huzidi kiasi hicho, na pera huzidi chungwa mara kadhaa. Ubuyu, pilipili, papai, embe, nyanya, mchicha na majani mengine mabichi, vyote vinayo. Lakini vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto na kwa kukaa sana. Basi mboga iliyochemshwa mno na maji yake yakamwagwa, au iliyoanikwa juani hata ikakauka, imepoteza sehemu yake kubwa. Wala kiseyeye si habari ya mabaharia wa kale tu. Katika miaka ya 1980 kilitokea katika makambi ya wakimbizi Somalia, Ethiopia na Sudan, mahali watu walipoishi kwa nafaka, maharage makavu na mafuta ya msaada, pasipo mboga wala matunda.

Sasa yarudiwe maneno mawili ya nyumbani.

Neno la mafua lilipata mtetezi mkubwa. Linus Pauling, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel mara mbili, alitoa kitabu mwaka wa 1970 akisema kwamba vitamini C nyingi, ikimezwa kila siku, huzuia mafua. Watu mamilioni wakamsadiki, kwa sababu ya heshima ya jina lake. Wengine wakalijaribu neno lake kama Lind, na kwa hila moja zaidi. Mabaharia wa Lind walijua wanakula nini, na mtu akijua amepewa dawa nzuri huweza kujiona amepata nafuu. Kwa hiyo nusu ya watu walipewa vidonge vya vitamini C, na nusu vidonge visivyo na kitu, vyenye sura ile ile, wala hakuna aliyeambiwa amepewa vipi. Majaribio ya namna hiyo yamehusu watu zaidi ya 11,000. Waliomeza kila siku walipata mafua sawasawa na wenzao, isipokuwa watu wa kazi ngumu mno, kama wakimbiaji wa mbio ndefu na askari katika baridi kali. Ugonjwa wenyewe ulifupika kidogo: kwa mtu mzima, mafua ya siku saba yalipungua kama nusu siku. Na walioanza kumeza baada ya kuugua hawakuona faida ya hakika. Basi heshima ya Pauling haikulifanya neno lake kuwa kweli. Kikombe cha mama cha maji ya moto hutuliza koo, na asali hupunguza kikohozi kidogo, ila mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Lakini mafua huondoka kwa wakati wake.

Neno la damu lina hatari zaidi, kwa kuwa humnyima tunda yule anayelihitaji. Huenda lilitoka jikoni. Mwenye kuosha samaki kwa ndimu huiona damu ikipauka na kugeuka rangi, naye aweza kudhani kwamba ndani ya mwili ni vivyo hivyo. Lakini ndimu iliyomezwa haikutani na damu. Huingia tumboni, ambamo mna asidi kali kuliko ya ndimu, na ambayo Mungu amemwekea kila mtu, mwenye kula ndimu na asiyekula. Tena kama tunda hili lingekausha damu, manowari za Waingereza zingalijaa watu wasio na damu tangu mwaka wa 1795. Mambo yalikuwa kinyume: wenye kiseyeye ndio waliokuwa weupe kwa kupungukiwa na damu.

Damu hufanywa kwa madini ya chuma. Chuma kilichomo katika nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Kilichomo katika maharage, kunde, mchicha na nafaka huingia kwa shida, na kingi hupita bure. Wataalamu wamekitia alama chuma cha chakula, wakawapa watu wakala, kisha wakapima baada ya majuma mawili ni kiasi gani kimefika katika damu. Chakula kilipoliwa pamoja na vitamini C, chuma kilichofika kiliongezeka mara mbili na hata zaidi. Kilipoliwa pamoja na chai, kilipungua. Yaani mwanamke mwenye mimba anyimwaye ndimu lakini apewaye kikombe cha chai juu ya maharage yake, amefanyiwa kinyume cha mapenzi mema ya wamtunzao. Damu yake hukaushwa na malaria, na safura iletwayo na minyoo, na uchache wa chuma katika chakula. Naye apasa kwenda kliniki apimwe, apewe vidonge vya chuma, kwa maana ndimu peke yake haina chuma cha kutosha kitu.

Ndimu hiyo hukamuliwa juu ya maharage na mchicha yakiwa yamekwisha pakuliwa, si wakati sufuria iko motoni; na chai hungojwa hata ipite saa moja au mbili.